Kidhibiti mwendo tayari kimo ndani ya lori: barua ya wazi kwa wakubwa wa barabara ya Kasumbalesa–Kolwezi

Kwa Waheshimiwa Magavana wa Haut-Katanga na Lualaba,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi, Kinshasa,
Kwa wakuu wa Tume ya Kitaifa ya Kuzuia Ajali za Barabarani (CNPR), wa polisi wa barabarani na wa ukaguzi wa magari,

Waheshimiwa,

Jambo yenu wote. Mimi ni fundi umeme wa malori hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba, njia ya kutokea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mchana kutwa kichwa changu kiko chini ya dashibodi ya lori la mtu. Siandiki kwa niaba ya chama cha madereva wala cha wenye malori. Hao wana midomo yao.

Kila lori linapoua watu kwenye barabara ya Kasumbalesa–Kolwezi, haipiti wiki kabla ya kusikia ushauri uleule: malori yafungwe vidhibiti mwendo, mambo yataisha. Wazo lenyewe silipingi. Ninachoomba ni kwamba kabla karatasi haijatiwa saini, na kabla mtu hajapewa kandarasi ya kutuuzia vifaa kutoka nje, mjue kuwa sehemu kubwa ya malori hayo yanavyo tayari. Vimo ndani. Vimezimwa.

Malori mengi tunayoyaona hapa hayakuanzia kazi hapa. Actros, DAF, Volvo, MAN, Renault: yamevuta mizigo Ulaya miaka kadhaa, yakachoka, ndipo yakauzwa huku. Na Ulaya walikwisha kulipitia jambo hili. Sheria yao ya 1992, iliyoanza kutumika 1994, iliamuru kila lori jipya la zaidi ya tani 12 liwe na kidhibiti kisichoruhusu kupita kilomita 90 kwa saa. Ya 2002 ikayaingiza hata malori madogo ya kuanzia tani 3.5. Kwa hiyo lori lililotoka kiwandani baada ya hapo, siku linashushwa melini Dar es Salaam au Durban, lina kidhibiti chake, kimelipiwa zamani na mtu mwingine. Hata malori mapya ya Kichina, Howo na Shacman, yale yenye injini ya kompyuta, yanaweza kuwekewa kikomo bila kununua chochote. Ni kuandika namba tu.

Mkitaka ushahidi, fungueni mlango wa dereva wa lori lolote la Ulaya, mwangalie kwenye fremu au karibu na kiti. Mtakuta kibandiko kidogo, mara nyingi kimefifia kwa jasho na vumbi. Kimeandikwa mzunguko wa tairi kwa milimita, na mapigo mangapi kihisi cha mwendo hutoa kwa kila kilomita moja. Pengine na kingine pembeni kinachosema 90. Kuna jina la karakana ya Ujerumani au Uholanzi, na tarehe, kwa sababu kule takografu, kifaa kinachorekodi mwendo na saa za dereva, hukaguliwa kila baada ya miaka miwili. Baada ya tarehe hiyo, hakuna nyingine. Kibandiko kinasema 90. Ukichomeka kompyuta, injini inasema jambo jingine. Nimekuta 120. Nimekuta mahali pa kikomo pameachwa wazi kabisa, kama mlango usio na kitasa.

Sasa swali ambalo naulizwa kila mahali, hata kwenye mazishi: je, dereva anaweza kukikwepa kidhibiti?

Anaweza. Sitaandika waya gani wala programu gani, maana barua hii itasomwa na watu wa kila aina, lakini mnapaswa kuelewa kinavyofanya kazi ili msidanganywe na muuzaji. Kwenye malori ya zamani kidhibiti kilikuwa chuma cha kushika kwa mkono: kilivuta mkono wa pampu ya mafuta, kikafungwa kwa waya na muhuri wa risasi. Muhuri ukikatika, mkaguzi anauona. Kwenye malori ya leo hakuna cha kushika. Kihisi kilichofungwa kwenye gia boksi kinahesabu mapigo, takografu inayageuza kuwa mwendo, kompyuta ya injini inausoma, na kikomo kikifikiwa inapunguza mazutu (dizeli) yanayoingia kwenye silinda. Dereva anakanyaga mpaka chini na injini haimsikii. Ndiyo kazi yote. Hakikanyagi breki, hakigusi tairi. Kinabana mazutu tu.

Kitu kinachotegemea mapigo ya kihisi na namba iliyoandikwa kwenye kompyuta kinadanganywa kwa kuharibu mapigo au kubadilisha namba. Huko Ulaya madereva walianza na sumaku: wakaibandika karibu na kihisi, mwendo ukasomeka sifuri lori likiwa linakimbia. Ikaletwa takografu ya kidijitali mwaka 2006, ambayo mazungumzo yake na kihisi yamefungwa kwa msimbo. Sumaku haikuisha. Baadaye ikabidi lori lipimwe mwendo kwa njia ya pili, ili zile namba mbili zilinganishwe. Hao ni watu wenye karakana zenye leseni, wakaguzi wenye mishahara na faini zinazoumiza, na bado ni mchezo wa paka na panya. Na msisahau: anayeua alama ya mwendo anaua pia hesabu ya kilomita. Odometa inasimama. Lori limetembea mpaka Dar es Salaam na kurudi, karibu kilomita 4,000, lakini dashibodi inasema liko vilevile, kwa hiyo oili haibadilishwi na breki haziangaliwi kwa wakati. Ninayaona malori hayo yakiletwa kwangu kwa jambo dogo la taa, nami nikitazama ngoma za breki nashangaa yamefikaje.

Kuna njia nyingine ya kukikwepa ambayo haihitaji fundi. Ni mteremko. Kidhibiti kinabana mazutu, na lori lenye tani zake likiwa linashuka halihitaji mazutu; uzito wenyewe unalisukuma. Madereva wengine hufanya kusudi: wanatoa gia, lori linashuka lenyewe. Mazutu yanabaki kwenye tanki na jioni yanauzwa kwa galoni pembeni ya barabara. Kwa kutoa gia wamejinyima breki ya injini pia, basi kazi yote inabebwa na breki za magurudumu, zinachemka, na mwisho hazishiki. Hapo lori lenye kidhibiti halali, chenye muhuri na cheti, linapita 110. Hakuna sheria iliyovunjwa na mtu wa gereji.

Kenya walianza mapema kuliko sisi. Mwaka 2004, chini ya Waziri John Michuki, matatu zote zikafungwa vidhibiti vya kilomita 80 kwa saa, na mikanda juu yake. Mwanzoni watu walifurahi, barabara zikatulia. Baadaye mafundi wakajifunza, na hali ikarudi, mpaka serikali ya huko ikahamia kwenye vifaa vinavyorekodi mwendo na kuutuma. Tanzania wamefunga mabasi yao mfumo wa kufuatilia unaopiga kelele ndani ya basi dereva akizidisha na kutuma taarifa kwa mamlaka, na hata huko mamlaka imelazimika kuadhibu wenye mabasi waliouchezea. Nayataja haya kwa sababu najua mtaletewa wauzaji wenye picha nzuri. Mwulizeni muuzaji: kifaa chako kikichomolewa, nani anajua, na anajua baada ya muda gani? Akianza kuzunguka, mwambieni amalize chai aende.

Tuseme sasa vidhibiti vyote vinafanya kazi, hakuna aliyechezea. Vimewekwa 80. Lori linaingia Luisha. Mnapajua Luisha: barabara inapita katikati ya watu. Wamama wamepanga matunda ya masuku na uyoga hatua mbili kutoka lami, watoto wanavuka kwenda shule, vijana wanasukuma baiskeli zilizobeba magunia ya makala (makaa) marefu kuliko wao, hawaoni nyuma. Kidhibiti hakijui kama hapo ni Luisha au ni pori. Kinaruhusu 80. Kwa 80 lori linakula mita 22 kila sekunde. Dereva aliyelala kwa muda wa saa tatu tu usiku uliopita akichelewa sekunde mbili kukanyaga, mita 44 zimekwisha kabla breki haijaguswa, na breki za upepo nazo zinahitaji nafasi yao kabla ya kushika. Kwa watu wa Luisha, Fungurume na vijiji vyote vya kando ya lami, kidhibiti cha 80 ni karibu sawa na hakuna. Wao wanahitaji matuta yanayojengwa vizuri na kupakwa rangi yaonekane usiku, siyo yale ambayo kijiji kinajichimbia wenyewe baada ya mazishi.

Nije kwenye sababu, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Dereva hachukui kompyuta akafungua programu ya injini yake mwenyewe chini ya mwembe. Kazi hiyo inalipiwa, na si kwa pesa ya sigara. Analetwa gereji, mara nyingine akiwa na barua au simu ya ofisi. Huwa wanasema hivi: «Fundi, utoshe hiki kintu. Patro anataka nikuwe Kolwezi asubui.» Yaani niondoe kidhibiti, tajiri mwenye lori anataka afike Kolwezi asubuhi. Nikikataa hawagombani nami, wanavuka barabara tu, wanapata mwingine. Jioni lori linatoka na bili yake imeandikwa «marekebisho ya umeme». Mwenye lori anaisaini. Ajali ikitokea, polisi wanamkamata dereva, kama yuko hai. Na mwenye lori anaonekana kwenye mazishi na jeneza alilolinunua.

Na kwa nini patro anataka Kolwezi asubuhi? Kwa sababu ya Kasumbalesa. Mnaijua Kasumbalesa. Malori yanapanga mlolongo mpaka ndani ya Zambia, madereva wanalala chini ya trela, wanapika kwenye makala kati ya magurudumu, wanalinda mzigo dhidi ya wezi usiku, karatasi zinapita dirisha moja baada ya jingine. Siku zinakwenda hapo. Wengi ninaowajua wanalipwa kwa safari, si kwa mwezi. Lori likisimama, na wao wamesimama. Siku linapoachiwa, dereva hajalala vizuri, ana deni la siku alizopoteza, na mbele yake lami nzuri ya kwenda Lubumbashi, Likasi na Kolwezi.

Pigeni hesabu nami. Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kama kilomita 300. Kwa 80, bila kusimama, ni saa tatu na dakika 45. Kwa 100 ni saa tatu kamili. Faida ni dakika 45, na hiyo ni kwenye karatasi, maana hakuna lori linaloshika 100 njia nzima na vijiji, peaji (vituo vya kulipia barabara) na milima. Amepoteza siku mpakani, anazitafuta kwa kuokota dakika 45 kati ya Lubumbashi na Kolwezi. Upande wa pili wa hesabu: lori la tani 56, uzito ambao nchi za kusini zinauruhusu, likitoka 80 kwenda 100 limeongeza mwendo kwa robo, lakini nguvu litakayoingia nayo kwenye basi imeongezeka zaidi ya nusu. Ndiyo hesabu ambayo patro haioni kwenye simu yake.

Nikisema haya madereva wananijibu na hoja moja yenye uzito, nami naiweka hapa kwa haki. Wanasema kidhibiti kinawaua wakati wa kupita gari jingine. Umeshatoka upande wako, lori la mbele nalo linakwenda 78, wewe umebanwa 80, mnatembea bega kwa bega, na mbele inatokea taa. Ni kweli kabisa. Na hapa kwetu ni vibaya zaidi kuliko Ulaya, kwa sababu malori yanayotoka Zambia, Tanzania na Afrika Kusini yana usukani wa kulia, na sisi tunatembea kulia. Dereva amekaa upande wa majani. Ili aone kama njia ni nyeupe inabidi atoe lori zima nje, au amtegemee utingo aliyekaa kushoto amwambie «pita». Nimewahi kusikia utingo akisema «pita» huku akiangalia simu. Jibu langu kwao ni kwamba lori lililobeba haliwezi kuwa na haraka ya kupita lori lililobeba kwenye barabara ya njia mbili, na mstari wa katikati usiokatika haukuwekwa kwa ajili ya pikipiki. Lakini ninyi, Waheshimiwa, mnaweza kuwapa sehemu pana za kupitana kwenye milima, ambapo lori zito linapanda kwa 20 na nyuma yake kuna magari thelathini yenye hasira. Kandarasi ya namna hiyo ingenifurahisha kuliko ya vifaa.

Kuna jambo moja nimeliona ambalo linanifanya niamini kwamba tatizo si dereva wala kifaa. Lori lilelile, dereva yuleyule, likiingia geti la mgodi mkubwa, linabadilika. Mle ndani kibao kinasema mwendo fulani na linakwenda mwendo huo. Taa zinawashwa mchana, mkanda unafungwa, hata utingo anakaa sawasawa. Hakuna muujiza. Anajua akikamatwa mara moja, jina lake na namba ya lori vinafungiwa, na kampuni iliyompa lori inapoteza kazi. Adhabu inakwenda kwa mwenye lori, inakuja haraka, na hakuna wa kumpa pesa ya sukari. Lori linatoka geti, linapita mita mia tano, na linarudi kuwa mnyama.

Migodi ndiyo inayolipa safari hizi. Shaba, kobalti, chokaa, salfa, asidi, mazutu ya mitambo: karibu kila lori kubwa kwenye lami ile linakwenda mgodini au linatoka mgodini. Kama masharti ya geti yanawezekana ndani ya uzio, yawekwe kwenye mkataba wa usafirishaji mpaka Kasumbalesa. Mgodi una nguvu ya kukataa lori ambalo kikomo chake kimefutwa. Fundi wake anachomeka kebo dakika kumi, anasoma namba, anaandika. Lisilo na kikomo halipakiwi. Sheria yetu ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978 iliandikwa wakati pampu ya mafuta ilikuwa chuma na chemchemi, haikuweza kujua kompyuta ya injini, na kuirekebisha bungeni kutachukua muda wake. Mkataba wa mgodi unarekebishwa kwa mkutano mmoja ninyi mkiwaita.

Na kwa upande wenu, mashine ya kupima mwendo mnayo tayari. Inaitwa peaji. Lori halina ujanja, lazima lisimame, dereva anatoa pesa, anapewa tiketi. Umbali kutoka peaji moja mpaka nyingine unajulikana na haubadiliki. Saa na namba ya gari vikisomwa kwenye peaji zote mbili, hesabu anaiweza mtoto wa shule: kilomita 100 kwa mwendo wa 80 zinataka saa moja na robo. Aliyezimaliza kwa dakika 55 amekimbia, na hakuna sumaku inayoweza kudanganya saa ya ukutani. Haijalishi kama aliharibu mapigo, alifuta kikomo au alishuka mlima bila gia. Wengine watakimbia halafu walale chini ya mti kabla ya peaji ili muda utimie. Walale! Dereva aliyelala nusu saa kabla ya Likasi ni faida kwetu sote, na akishagundua kwamba haraka haimpi kitu, ataacha haraka.

Faini hiyo isidaiwe dirishani. Nasema hivi bila kumtaja mtu, kwa sababu sote tunaishi mji huu: kila karatasi mpya inayodaiwa kando ya barabara inageuka madesu ya bana, yaani rushwa. Mkileta «cheti cha kidhibiti mwendo» kinachoonyeshwa kwa polisi, ndani ya miezi michache kitauzwa pamoja na vyeti vingine, na lori lenye cheti litakimbia kwa amani kuliko lisilo nacho. Faini iandikwe kwa jina la mwenye lori, ikusanyike, ilipwe benki, na lori lenye deni lisivuke Kasumbalesa. Mlolongo ule uliotutesa miaka yote, angalau ufanye kazi moja ya maana. Malori ya kigeni nayo yanapita palepale. Tuko SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na tangu 2022 tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki, hakuna sababu namba za malori yanayokimbia zisifike Lusaka na Dodoma.

Mwisho, naomba malori ya asidi yatengwe na mengine katika uamuzi wowote mtakaoutoa. Februari 2019, kwenye njia hii ya Kolwezi, lori la tangi lililobeba asidi ya sulfuriki liligongana na magari mengine, likiwemo la abiria, na watu wasiopungua 18 wakafa, wengine wakaungua kwa asidi yenyewe. Asidi ya namna hiyo imekuwa ikiingia kwa wingi kutoka Zambia, migodi inaitumia kuyeyusha shaba na kobalti kutoka kwenye mawe. Sasa angalieni tangi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita moja ya asidi nzito ni karibu kilo 1.84. Tangi la lita 30,000 likijazwa asidi lingebeba tani 55 za mzigo peke yake, kwa hiyo halijazwi, linaachwa na nafasi kubwa juu. Kioevu chenye nafasi hakikai. Lori likikata kona, asidi inaendelea na njia yake ya moja kwa moja, inapanda ubavu wa tangi na kulivuta lori zima. Dereva akifunga breki, inakwenda mbele, inagonga, inarudi. Tangi lenye vizuizi vya ndani linapunguza hayo. Tangi lisilo navyo, au lililotengenezwa kwa ajili ya petroli nyepesi halafu likabadilishwa kazi, halipunguzi. Kwa lori la namna hiyo 80 ni nyingi mno, na 90 ya Ulaya haina maana yoyote. Mimi ningeweka 60, mchana tu, matangi yakaguliwe ndani kwa macho, na vijiji vya njiani vijue lori linapita na lina nini. Watu waliokimbilia lori lililoanguka wakidhani limebeba mafuta ya kuchota wanastahili kujua kabla.

Kabla ya kununua chochote, fanyeni jaribio. Chagueni asubuhi moja, peaji ya kutoka Lubumbashi kwenda Likasi. Simamisheni malori yanayopita, moja baada ya jingine, mchomeke kompyuta na kusoma namba mbili: kikomo kilichoandikwa ndani ya injini, na kwa yale yanayohifadhi, mwendo wa juu kabisa uliowahi kufikiwa. Pigeni picha kibandiko cha mlangoni. Siku hiyo msimkamate mtu, msitoze mtu, la sivyo habari itafika Kasumbalesa kabla ya saa nne na malori yatageuka. Andikeni tu. Mkishahesabu mangapi yana kikomo kilichofutwa, mtajua kama mnahitaji kununua vifaa au mnahitaji kuwaita wenye malori mezani na bili zao za «marekebisho ya umeme».

Kebo na kompyuta ya kusomea ninazo. Za malori ya Ulaya zote, na ya Howo nitaazima kwa jirani. Nitakuja bila kudai posho. Mazutu ya jenereta tu ndiyo tutaelewana, kwa sababu peaji ile umeme wake mnaujua.

Ni mimi,
fundi umeme wa malori,
Kampemba, Lubumbashi